Risasi ya Njano Niliyoirudisha Mfukoni

Mume wangu Baba Nasra,

Leo ni siku ya tisa tangu wakuzike Tanga, na siku zote tisa nimezipitisha huku ughaibuni, Al Wukair, nikipiga pasi kanzu za watu, kama mwanamke asiyefiwa. Mdogo wako alinipigia simu asubuhi ya mazishi. Homa ya siku tatu tu, alisema. Nikaitikia "Inna lillahi," nikakata simu, nikamalizia kola niliyokuwa nayo mkononi. Nguo ilikuwa inasubiriwa.

Nilikuwa na miaka sita ya kukuambia jambo moja na sikukuambia. Sasa naliandika wazi, alisome atakayelisoma, kwa sababu kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Wakubwa walisema mficha uchi hazai. Sisi tulizaa, tukaficha hata huyo mtoto.

Nianzie siku ya kuchagua bunduki. Wewe ulikuwa mhudumu wa ghala la bunduki pale klabuni Lusail, wakati Lusail yenyewe bado mchanga na winchi. Madam wangu alikuwa ameingiwa na hamu ya ule mchezo wa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na alikuja na mashoga zake kununua bunduki yake ya kwanza, ile ya marisau. Mimi nilikuja kubeba begi na chupa ya chai.

"Huyu Hawa ni kimo changu," Madam akakwambia akinisogeza mbele. "Mpime yeye kwanza. Ikimuumiza, khalas, basi, mimi sitaki mchezo huu."

Ukanigeukia kana kwamba hujawahi kuniona. "Dada, kunja mkono." Ukapima kutoka kwenye kiwiko hadi kidole, ujue kitako cha bunduki kiwe na urefu gani. "Weka shavu hapa, dada. Usinyooshe shingo kuifuata bunduki. Iache ije kwako." Ukanirekebisha bega mbele ya wanawake sita, na hakuna aliyejua kuwa bega lile unalifahamu tangu ujana wake. Nilibana midomo nisicheke. Ijumaa yetu iliyofuata ulinitania mpaka wali ukapoa.

Atakayesoma hataelewa kwa nini uliniita dada. Wakala aliyenileta aliandika kwenye karatasi zangu kuwa sijaolewa. "Mwanamke mwenye mume mji huu huu ana mguu mmoja nje," alisema, "nyumba haziwataki." Nasra alibaki kwa mama yako, wewe ukabaki kwenye kambi ya wanaume wa kampuni, mimi kwenye chumba nyuma ya jiko la Madam. Tulionana Ijumaa moja kwa mwezi, Al Mansoura, kwenye mgahawa wa juu, nikikaa nimeupa mlango mgongo. Ikijulikana, mmoja wetu angerudishwa, na huenda wote wawili. Kwa hiyo Madam alipotamani bunduki, mimi niliona saa mbili kila wiki za kusimama karibu na mume wangu. Sikuona kingine.

Ulimwekea Madam bunduki mbili mezani. Moja nzito, nyeusi, namba kumi na mbili. Nyingine nyembamba, namba ishirini, maana kwa bunduki hizi namba ikipanda mtutu hupungua, nayo ina maua ya fedha yaliyochongwa ubavuni. Mashoga zake wote waliinyooshea vidole ile ya maua.

"Madam, hii nyepesi inapiga teke," ukamwambia kwa adabu. "Wanawake hupewa nyepesi wakidhaniwa wanasaidiwa. Nzito inalinywa teke lenyewe. Mimi ningekukatia kitako kifupi kwenye hii nyeusi."

Akacheka, akanipa ya maua nijaribu. Nilipiga mara kumi. Usiku ule bega lilikuwa na rangi ya biringani. Lakini pale pale Madam aliponiuliza, "Inauma?" nilikutazama wewe, ukatazama chini. Nikajibu, "Haiumi, Madam." Ningesema inauma, mchezo ungeishia pale na saa zetu mbili zingekwenda nao. Hivyo ndivyo bunduki ndogo ilivyoingia nyumbani kwetu: kwa uongo wangu.

Haikumaliza miezi miwili. Bega la Madam nalo likalalamika, akarudi kununua nyeusi uliyomshauri mwanzo. Ya maua akabaki nayo kwa sababu ya uzuri wake. Siku hiyo ulinionyesha risasi mbili kwenye kiganja, nyekundu nene na njano nyembamba.

"Za ndogo zimetiwa njano makusudi," ulisema. "Njano ikitiwa kwenye bunduki kubwa haikai mlangoni. Inateleza mbele ndani ya mtutu, inakwama. Ukifungua unaona patupu. Mtu akija akatia nyekundu nyuma yake, akafyatua..." Ukafumbua vidole vyote ghafla, kama kitu kinachopasuka. "Kizibao kimoja cha risasi, rangi moja tu mifukoni, dada. Wewe ndiye unayekifua. Nakutegemea."

Hilo neno la mwisho ulilisema kwa sauti ya nyumbani. Niliogopa wasije wakaisikia.

Sasa sikiliza, Baba Nasra. Jumatano ile nilikifua kizibao cha Madam, na kwenye mfuko mdogo wa ndani nilikuta risasi ya njano. Moja tu. Nilikumbuka maneno yako, sikuyasahau, na ndilo hilo nililokuficha. Lakini sisi wa kazi za ndani tuna sheria yetu, na hiyo ndiyo ya kwanza kufundishana: ukikuta kitu mfukoni, kirudishe mfukoni humo humo. Msichana wa nyumba ya jirani alikuta hereni kwenye nguo chafu, akaiweka kwenye droo ili isipotee. Aliondoka na polisi. Nikasema, nikiitoa hii nitaiweka wapi, na wakikuta risasi chumbani kwangu nitasema nini? Madam ataiona rangi. Nikapiga pasi kizibao, nikairudisha.

Kesho yake upepo ulikuwa na vumbi na Madam alikuwa na wageni. Niliuona mkono wake ukiingia mfuko wa ndani. Rangi sikuiona. Akaitia kwenye ile nyeusi, akalenga, akafyatua, pakawa kimya. Wageni wakacheka kidogo.

"Hemedi, haipigi," Madam akakwambia.

Wewe ulijua jinsi wageni wa mchezo wanavyosahau kutia risasi, na ulikuwa huwaulizi kamwe. Uliwahi kuniambia, "Ukimuuliza mbele ya wenzake umemvua nguo." Ukaifungua, ukaona patupu, ukatabasamu. "Kosa langu, Madam, sikuiandaa vizuri." Nilikuwa hatua tatu nyuma yako na begi lake mkononi. Nilitaka kusema tazama ndani ya mtutu. Neno lilifika ulimini. Kisha nikafikiri wataniuliza, wewe kadama, mtumishi wa ndani, umejuaje, na unamwelekeza mhudumu kwa haki gani? Ukatia nyekundu, ukainua, ukafyatua uwaonyeshe kuwa ni nzima.

Mlio ule haukuwa wa bunduki, ulikuwa wa mtutu kupasuka.

Madam alipiga kelele, kisha akaniambia nilete taulo. Nikalileta lile la kufutia jasho, nikaufunga mkono wako wa kushoto kama ninavyofunga kitu cha watu, kwa uangalifu, bila kulia. Ulikuwa mweupe midomo. Ukanitazama. "Asante, dada," ukasema. Hata hapo ulinilinda. Walipokuchukua mimi nilirudi ndani ya gari la Madam, na nyumbani nikamfuta viatu vumbi.

Ripoti iliandika kuwa mhudumu hakukagua mtutu. Ulipoteza vidole vitatu na kazi, ukapandishwa ndege kabla kidonda hakijakauka. Ukiwa Tanga uliniuliza mara moja tu kwa simu: "Ile ya njano ilitoka wapi, Mama Nasra?" Nikakujibu, "Mungu anajua." Ukaniuliza nimekula nini. Hukuuliza tena miaka yote sita. Nadhani ulijua. Nimekuwa nikiiogopa huruma yako kuliko hasira ya mtu yeyote.

Leo mchana Madam ameingia chumba cha pasi akiwa na furaha. Binti yake amekua, naye anataka kuanza. "Kesho twende, Hawa. Kimo chenu ni kimoja. Tumpimie kwako."

Nikamwambia siwezi, nina eda.

"Eda ya nani? Wewe hujaolewa."

Nikalitaja jina lako. Hakukumbuka, mpaka niliposema yule wa mkono. Nikamwambia ni mume wangu, kwa nikaha, na tuna mtoto. Kisha nikamwambia ya bega, na ya mfuko wa ndani, yote. Hakupiga kelele. Ameniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akachomoa pasi ukutani, akachukua simu yangu mezani, akasema, "Kaa hapa hapa," akapanda juu kwa Bwana, mumewe.

Imepita saa nzima. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya Bwana. Sijui watanirudisha kwa Nasra au watanipeleka alikopelekwa yule wa hereni. Naogopa, sikufichi tena. Ila hii ndiyo saa yangu ya kwanza ya eda, nimekaa tu, na siwapigii pasi.

Nisamehe, Hemedi. Mungu akulaze pema, mkono wako auunge. Wanashuka sasa, nasikia miguu ya watu zaidi ya wawili. Nitawafungulia mwenyewe.

Mjane wako,
Mama Nasra