Mama Watoto, Uliyekataa Mdogo Wako Asubirishwe

Mwaka umetimia, Mama Watoto, tangu tukuzike, na kiti chako cha ushonaji hakijapata mwenyewe. Wameletwa wawili, wote wamekimbia.

Wanaosoma wajue ulikuwa nani. Miaka kumi na tisa ulishona pale hospitali: makoti ya wauguzi, mashuka ya wodi, nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Shuka lililochanika ulilitia kiraka mgonjwa asikisikie mgongoni. Mpiga pasi wenu bado anasema, "Yule mama alikagua mshono kama askari wa mpakani." Ni kweli. Hata suruali yangu ya kazi uliipindua ndani nje kabla hujaniruhusu nitoke.

Kliniki ilikuwa milango miwili tu kutoka ulipokaa. Ulipopimwa mlango wa kizazi ukakutwa na virusi vinavyoweza kuleta saratani ya hapo, mkuu wa kliniki alikugongea muhuri kwenye fomu: "Rudi baada ya miaka mitatu." Ndivyo alivyowagongea wote. Alikwambia wanawake wengi wanavipata na mwili unavifukuza wenyewe. Ukaamini. Nani asingemwamini mtu aliyevaa koti ulilomshonea mwenyewe? Mwaka wa tatu haujaisha, damu ikaanza. Ilikuwa saratani.

Mimi niliishia darasa la nne. Daktari wa maabara alipoeleza kwa nini virusi vyako havikufukuzwa na mwili, sikuambulia kitu. Wewe, kitandani, ukatoa chaki yako ya kushonea ukanichorea gauni juu ya shuka. Muuguzi akaja juu. "Tulia mwanangu," ukamwambia, "hili nimelishona mimi." Halafu kwangu: "Baba, pateni ya kukatia gauni ni moja, lakini kila anayeinakili anakosea kidogo. Makosa mengi hayana neno. Moja linabadili kiuno chote. Virusi navyo vina aina, na ndani ya aina moja kuna matawi, na lipo tawi linalong'ang'ania mwilini kuliko mengine."

Hadi leo sijasikia mtu wa ofisini akieleza vizuri hivyo.

Hapo hapo ukauliza fomu ya mdogo wako, naye alikuwa amepimwa kliniki ile ile. Ilionyesha aina ile ile ya virusi kama yako, na muhuri ule ule. Hukulia. Ulinituma. Nilimkuta mkuu anakunywa chai.

"Wewe ni daktari?"

"Fundi bomba, mheshimiwa. Na bomba likivuja simwambii mwenye nyumba asubiri miaka mitatu."

Alicheka. Mimi sikutoka mpaka shemeji akaandikiwa kipimo cha pili. Walikuta sehemu imeshaanza kuharibika, wakaiondoa ikiwa bado ndogo.

Mkuu bado yuko kitini, na muhuri uko mezani. Sijamsamehe, na usiniombe. Daktari wa maabara anasema bado wanachunguza kipande cha uvimbe wako ulichoruhusu wakihifadhi. Tawi lako linaonekana ni lile linalong'ang'ania, lakini hawezi kuapa. Sawa. Walau huyo anakiri asichokijua.

Wanaokukumbuka: mimi mumeo, mwanao wa kwanza aliye dereva wa lori, bintiyo, aliyekwisha kuchanjwa dhidi ya virusi hivyo kama ulivyoagiza, mama yako mzazi, wenzako wa ushonaji na udobi, ambao sasa hakuna anayepokea jibu la kipimo bila kuuliza, "Ni aina gani?"

Na mdogo wako. Juzi kapimwa tena, hana kitu. Yupo, Mama Watoto.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.