Swali la Wifi Mlangoni

Shoga, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Usipige, niandikie tu.

Mama mkwe kafungua kompyuta yangu kutafuta picha za harusi, akakutana na utafiti wangu wa wanawake waliofungwa kwa kuwarubuni watoto mtandaoni. Kaita ukoo mzima sebuleni, eti nijieleze!

"Mwanamke hawezi kufanya hayo. Hawezi!" Karudia mara tatu. Shoga, maneno hayohayo yamo kwenye kila faili ninalosoma. Ndugu zao wote husema hivyo mpaka siku ya hukumu.

Nikaeleza kwamba tunawachunguza kupitia ujumbe waliowaandikia watoto. Mashemeji wakaangua kicheko. Mume wangu kainamia chai yake. Ukimtoa yeye, wifi peke yake hakucheka, yule mwalimu anayefundisha watoto masomo ya ziada kwa simu.

Nikasema naenda kunawa uso. Kanifuata.

Sasa hivi yuko nje ya mlango, naiona miguu yake. Kanong'ona: "Wifi, mtu akifuta ujumbe, nyie bado mnauona?"

Nikajifanya sijasikia. Kauliza tena. Bado mnauona?

Shoga, mwanangu anasoma kwake.