Kapu la Maua Nje ya Mlango wa Jikoni

Bankfield Terrace 14,
Colne, Lancashire.
9 Februari.

Mpendwa mwanangu Janine,

Hujambo mama? Stuart hajambo, na Tilly kikohozi kimekwisha? Najua huko Dunedin, upande wa pili wa dunia, sasa ni kiangazi, lakini mtoto asitembee pekupeku kwenye umande. Mimi ni goti tu linanisumbua. Habari yenyewe ni ya baba yako.

Unajua tangu atoke hospitali na ule moyo wake, kitanda tulikishusha sebuleni, karibu na dirisha. Daktari alisema ainuke atembee kila siku, la sivyo miguu itamwishia nguvu. Nikimwambia, jibu lake, "Kesho, Brenda," kisha anageukia ukutani. Niliogopa, mwanangu. Sikukuandikia yote.

Basi nikasema nimtundikie kapu la maua nje ya dirisha, walau ageukie huku. Sokoni nikaona maua ya nyika, yale ya mlimani kwetu, ila haya ya buluu, yanawaka kama taa za Krismasi. Nikayabeba. Mvua ya kwanza tu, kizingiti cha dirisha kikawa buluu. Norma, jirani, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wee Brenda, umenunua maua au gari? Si yamepigwa rangi hayo!"

Siku moja ya Novemba likatoka jua, akaja nyuki mmoja, wa wale wanene wenye manyoya. Akatembea juu ya kila kichwa cha ua, akaondoka mikono mitupu. Baba yako alimwona. "Hata nyuki umemdanganya," akasema, akageukia ukutani.

Jambo hilo likanikaa moyoni. Na baridi yote ile, nyuki alikuwa anatafuta nini? Nikapasua ua moja kwa kucha. Limefumba kama mdomo wa baba yako. Norma akasema hiyo ni aina isiyofunguka kamwe, huuzwa kwa sababu hainyauki upesi. Akaniambia malkia wa nyuki hao hulala udongoni wakati wa baridi, na siku ya jua huweza kuamka na njaa. Anataka ua lililo wazi. Mimi miaka yote nadhani wanakufa wote!

Nikalimwaga kapu lote. Nikapanda maua ya nyika yanayochanua kweli wakati wa baridi, meupe, na katikati vijitunguu vya krokasi, vile viua vinavyochungulia kabla baridi haijaisha. Lakini dirisha la sebule halipati jua, na Norma alisema pasipo jua nyuki haji. Ikabidi nilitundike nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Baba yako akanuna. "Sasa mimi niangalie nini, matofali?"

Ila akaanza kuuliza. Mimi naosha vyombo, yeye anapaza sauti kitandani, "Amekuja?"

"Mimi si mtumishi wa nyuki. Njoo uone."

"Krokasi zimefunguka?"

"Njoo uone, Derek!"

Jumanne narudi kutoka dukani, kitanda kitupu. Mkate ulinidondoka, Janine. Naita, naelekea nyuma. Nikamkuta amesimama kwenye mlango wa jikoni, koti langu la waridi juu ya pajama, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Nyamaza, mwanamke," akaninong'oneza, "utamfukuza." Nyuki alikuwa amezama ndani ya krokasi, matako tu ndiyo yaliyokuwa nje. Alipotoka, amejipaka unga wa manjano mpaka machoni.

"Huyu analala wapi?" baba yako akauliza. Nikamwambia udongoni, ila mahali hasa sijui. Kweli sijui, na mimi nataka kujua.

Jana alimfuata mpaka ukuta wa nyuma, mimi nyuma yake na kiti mkononi, naomba Mungu asianguke. Nyuki akaruka ukuta, akapotelea uchochoroni. Leo asubuhi baba yako ameniuliza viatu vyake niliviweka wapi.

Kaka yako Craig anakusalimu, na Norma pia. Msalimie Stuart, umbusu Tilly, na umwambie aangalie kama nyuki wa huko wana manyoya kama wetu. Babu anangoja jibu. Mungu awafunike vizuri zamu yenu ya baridi ikifika.

Ni mimi nikupendaye na kukuwaza kila siku,
Mama