Nambari Kumi Asiye na Jina

Nyumba ya 31, Mtaa wa Juu,
Cwmhedydd.
Jumamosi, 21 Oktoba 1995.

Kwako Baba,

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na nimeona nilitangulize kabla ya salamu, kwani nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo hapo. Siku tuliyomzika Bibi, nilikuona. Ulikuwa umesimama nje ya jumba la klabu ya raga, kola ya koti umeipandisha, mvua inakupiga, na sisi tuko ndani tunakunywa chai ya matanga ya mama yako mzazi. Ulinipungia mkono kupitia dirishani. Nilikuwa na miaka minane. Nilirudi nyuma ya pazia nikajifanya sikukuona, na nilipochungulia tena hukuwepo. Nisamehe.

Sasa nakusalimu kwa heshima zote. Hujambo, Baba? Goti lako linaendeleaje? Mama alisikia kwamba lilikuangusha na kwamba sasa unafundisha vijana badala ya kucheza. Natumaini baridi ya huko Kaskazini haijaanza kukutesa. Sisi huku tu wazima. Mama bado anashona kiwandani, wiki hii ana zamu ya mchana. Babu naye hajambo, ila kifua chake kinakoroma asubuhi kama cha wachimbaji wote wa zamani. Mimi nimetimiza miaka kumi na mitano, na hilo unalijua, maana kadi yako ilifika siku ile ile. Ninazo zote kumi. Sikujibu hata moja. Haikuwa chuki. Sikujua mtu anaanzaje kumwandikia mzazi ambaye jina lake halitajwi mezani.

Leo mtaa mzima uko uwanjani. Mimi niko peke yangu jikoni kwa Babu, na kelele zinapanda kutoka bondeni. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kwa masikio tu: penalti ikiingia ni makofi, trai ikifungwa, mpira ukiwekwa chini nyuma ya mstari wao, ni mngurumo. Huwa siendi. Nikienda, wasichana wa darasani hunizunguka na kuniuliza, "We Nerys Miwani, umekuja kuangalia mpira au kuusoma?" Halafu hucheka, na mimi hucheka nao ili yaishe. Lakini wamesema kweli. Raga naipenda ikiwa katika vitabu.

Unaikumbuka rafu ya Babu? Siku hizi imejaa hadi ngazini. Kuna historia za ziara, vitabu vya mwaka vyenye majedwali, na maisha ya wachezaji waliosimulia wenyewe. Karibu kila mmoja wa hao alizaliwa kwenye nyumba ya mchimba makaa, alianza na mpira wa matambara, na ana sura nzima kuhusu goti. Babu alinifundisha kusoma kwa vitabu hivyo. Jumapili baada ya ibada tulikaa pamoja, yeye na kiko chake, mimi miguuni pake, nikimsomea mechi zilizochezwa kabla sijazaliwa, naye akinikatiza kusema mwandishi kaongopa, upepo siku ile ulivuma kutoka upande wa reli. Hizo ndizo saa nilizokuwa sijisikii mpweke. Asichojua ni kwamba kila kitabu nilikianzia mwisho, kwenye faharasa, herufi ya P. Probert wapo wengi. Wewe humo.

Sheria ile unaijua kuliko mimi, lakini nataka uone ninavyoielewa. Aliyekwenda Kaskazini kucheza raga ya watu kumi na watatu kwa malipo alifutwa na raga yetu ya watu kumi na watano. Hachezi tena, hafundishi, wala hakanyagi jumba la klabu hata kwa chai. Ulikwenda baada ya mgomo wa migodi kushindwa, shimo halina kazi, nami nina miaka mitano. Mama alikuwa akufuate pamoja nami nikishamaliza mwaka wa shule. Hakufuata, na sijawahi kumwuliza kwa nini. Babu nilimwuliza mara moja kwa nini ulifungiwa nje siku ya maziko. Alisema sheria ni sheria, na mikono yake ilikuwa imefungwa. Nilimwamini. Nilimhurumia, hata.

Ni Dilwyn Mkate peke yake anayekutaja. Nikienda kununua mkate na duka likiwa tupu, huinama juu ya kaunta kama anayeuza magendo. Amenieleza kwamba alikuwa nambari tisa wako, wewe nambari kumi, kwamba alikurushia mpira miaka sita bila kukutazama kwa kuwa alijua utakuwepo, na kwamba ulikuwa ukipita penye upenyo usiopitisha hata bahasha. Siku moja Babu aliingia katikati ya habari hizo. Dilwyn hakusita. Akasema kwa sauti ya juu, "Basi mwambie mama yako, binti, ule wa ngano nzima umekwisha!" Babu akaangalia rafu iliyojaa mikate ya ngano nzima, akanunua mmoja, akatoka.

Sasa habari yenyewe. Klabu imetimiza miaka mia mwaka huu, na Babu, kama mwenyekiti wa zamani, ameandika kitabu chake. Ameandika kwa mkono miaka minne, na tangu Pasaka mimi ndiye ninayepiga taipu, kuhakiki tarehe na kutunga faharasa. Baba, sijawahi kufurahia kazi kama ile. Nilipewa ufunguo wa kabati la klabu lenye madaftari ya kumbukumbu za vikao tangu mwaka wa kwanza. Nilisoma ugomvi wa mwaka wa ishirini na sita kuhusu nani kaacha geti wazi hadi kondoo wakala uwanja.

Mwezi wa sita tulifika fainali ya mwaka wa themanini na nne. Babu alikuwa ameiandika vizuri kuliko sura zote. Aliandika matope, aliandika meno ya Dilwyn yaliyobaki uwanjani, aliandika jinsi dakika ya sabini na nane nambari kumi alivyokatiza kati ya walinzi watatu na kuuweka mpira katikati ya milingoti. Chini yake ipo orodha ya timu. Majina kumi na manne, kila mtu na jina lake la utani. Kwenye nambari kumi aliandika "mchezaji mwingine", kama klabu zetu zilivyozoea kuandika pale penye mtu asiyetakiwa kujulikana. Huo ni ukurasa wa mia na kumi na mbili. Nilimwuliza Babu kama alisahau. Alisema nipige taipu kama ilivyo, na kwa nini chai yake imepoa.

Nilipiga kama ilivyo. Lakini kesho yake nilirudi kwenye kabati nikatafuta daftari la mwaka aliofariki Bibi. Kikao kilifanyika siku mbili kabla ya maziko. Dilwyn alipendekeza kwamba mtoto wa marehemu aruhusiwe kuingia kwenye chai, kwa saa moja, wala chama cha raga kisiambiwe. Ikapigwa kura. Watano walikubali, watano walikataa. Mwenyekiti ndiye mwenye kura ya kuamua pakiwa na sare, na mwenyekiti alikataa. Mwenyekiti alikuwa Babu.

Nilisoma mara tatu. Kisha nilirudisha daftari, nikafunga kabati, nikaenda kumsomea kama kawaida, maana ilikuwa Jumapili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa miguuni pa mtu ninayempenda na ambaye alinidanganya, na sikuwa na wa kumwambia. Kwa Mama ingekuwa kufukua kaburi. Kwa Dilwyn ingefika mtaa mzima kabla mkate haujapoa.

Mwezi wa nane wakubwa wa raga walitangaza kwamba sasa hata katika raga yetu mchezaji anaweza kulipwa, na kwamba waliokwenda Kaskazini si haramu tena. Wazee walibishana siku nzima mlangoni kwa Dilwyn. Nilingoja Babu aniambie nirekebishe ukurasa ule. Kurasa zilikwenda kwa mpiga chapa kama zilivyo.

Juzi, Alhamisi, kurasa za majaribio zilirudi kutoka kwa mpiga chapa, na faharasa ilikuwa juu yangu peke yangu. Nilifanya hivi kwa siri, na ninakiri: juu ya "Probert, Aneurin" na "Probert, Haydn", ambaye ni Babu mwenyewe, niliongeza mstari mmoja. "Probert, Aled, 112." Ukurasa wenyewe sikuugusa. Nilifikiri kwamba hapa kwetu kila mtu akipewa kitabu cha klabu hukimbilia nyuma kutafuta jina lake na la adui yake. Watakuona. Watafungua ukurasa, watakuta nambari kumi asiye na jina, na watamaliza wenyewe. Nilifikiri pia kwamba Babu hasomi faharasa, kwa sababu siku zote huziita orodha za manunuzi.

Nilisahau kwamba Babu naye ni mtu wa hapa. Jana mchana alivaa miwani, akafungua mwisho moja kwa moja, akajitafuta. Niliona kidole chake kikisimama mistari miwili juu ya jina lake.

Aliniuliza nani kanifundisha ujanja wa namna hii. Akasema kwamba ukurasa wa mia na kumi na mbili hauna jina hilo, na faharasa inayompeleka msomaji pasipo na kitu ni uongo. Hapo sijui nilipata wapi sauti. Nilimwambia ndiyo, Babu, ni uongo, lakini si faharasa inayodanganya. Nikamwambia pia kwamba nimelisoma daftari la kikao, kwamba mikono yake haikufungwa, ilikuwa na kura.

Alivua miwani akaiweka juu ya ukurasa. Kisha akanieleza, bila kunitazama, kwamba mwaka wa sitini na tisa kijana wa rafiki yake Gwilym alikwenda Kaskazini, akarudi na ugonjwa, akaomba aje tu akae jumbani na wenzake. Babu alimfungia mlango, akiwa mwenyekiti mpya, mkali, mwenye kiburi cha cheo. Kijana alikufa masika. Gwilym hakumlaumu hata siku moja, na kila Jumamosi alikaa kiti cha pili kutoka kwake. Babu akaniuliza, "Nimemfungia mlango mtoto wa Gwilym, halafu nimfungulie wangu? Na Gwilym kakaa pale pale anangoja nihesabu mikono? Niambie wewe msomi."

Nilimwambia tu kwamba Gwilym ameshafariki, na wewe uko hai, na mimi pia niko hai.

Kisha nikatoa kalamu. Mbele yake nikafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili, nikakata "mchezaji mwingine", nikaandika "Aled Probert". Herufi ya P imekuwa mbaya. Nikarudi juu kwenye habari ya dakika ya sabini na nane, nikaandika jina tena. Nikamsogezea ukurasa wa mwisho, ule ambao mpiga chapa hapokei kazi bila sahihi ya mwandishi.

Alisema mstari wa juu una koma isiyo na kazi. Niliifuta. Akasema wazee wengine watakirudisha kitabu mlangoni. Nikasema watanirudishia mimi. Akatia sahihi, akakuna ndevu, akasema mpiga chapa hufunga saa kumi na moja. Nilipofika mlangoni aliniita. Alisema, "Usimwambie kwamba nimesaini. Atadhani naomba msamaha."

Sikumwahidi. Kwa hiyo nakuambia: amesaini. Unaloweza kudhani juu ya hilo ni lako.

Kitabu kitazinduliwa Jumamosi tarehe tisa Desemba, saa nane mchana, jumbani. Sikuombi uje, kwa kuwa sijui kama nina haki ya kuomba, na sijui nitakuambia nini ukija. Nakupa tarehe tu, kama zilivyo tarehe nyingine.

Nilichofanya baadaye ni hiki. Nilitia kurasa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautia kwenye begi la shule, nikapanda basi la saa tisa na nusu. Mama wa kaunta kwa mpiga chapa alihesabu kurasa, akaniuliza kama masahihisho ya kalamu ya bluu yameidhinishwa. Nikamwonyesha sahihi. Akapiga muhuri. Nilivuka barabara nikanunua bahasha na stempu, nikarudi kwa miguu kwa sababu basi lilikuwa limeondoka. Babu alikuwa amelala kitini. Nilimfunika blanketi, nikaosha vikombe, nikaenda kwetu. Leo alipokwenda uwanjani nilikuja hapa kwenye meza yake, nikakuandikia.

Pokea salamu za Dilwyn, ambaye hajui kwamba nakuandikia lakini angezituma. Mama nitamwambia leo akitoka zamu. Jitunze, na goti ulifunge vizuri wakati huu wa ukungu.

Ni mimi mwanao,
Nerys Probert