Kifuu cha Mnazi Wangu

Keko, Temeke
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Mwanao Shomari nakuamkia kwa mikono miwili, nikiomba barua hii ikukute umekaa barazani na si kitandani. Goti linakusumbua bado? Na masikio? Mdogo wangu Mwanaisha ananiambia simu siku hizi unaishika kama kipande cha muhogo, unaigeuza, kisha unamrudishia. Ndiyo maana nimeandika, tena kwa herufi kubwa, usome mwenyewe pasipo mtu wa kukupazia sauti. Yaliyomo humu si ya kusikiwa na jirani. Anakuletea Kassimu, mtoto wa shangazi, anayekuja huko Pangani harusini. Jumapili anarudi Dar.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ipo, bado napiga msasa na vanishi kwenye karakana ileile ya kando ya barabara, vitanda na makabati, vumbi la mbao puani kuanzia Jumatatu. Mkweo Zuhura naye anakuamkia. Mimba imeingia mwezi wa tisa. Miguu imemvimba kidogo, nesi anasema si ya kutisha, lakini mimi natishika. Akikohoa nasimama. Akinyamaza naenda kumwangalia. Juzi alinifukuza. "We Shomari, nenda kazini bwana. Mie sio kabati, uniangalie kila saa kama nimenyooka." Nikacheka, nikaenda, ila siku ile niliharibu milango miwili.

Kuna jambo ni lazima nikuambie, Baba. Nitalifikia. Niache nianze na bakuli.

Desturi ya nyumba yetu umenifundisha tangu sijaota meno ya ukubwani. Kitovu cha mtoto kinazikwa, juu yake unapandwa mnazi. Mtoto huyo akikua akapata wake, anachonga bakuli kwa kifuu cha mnazi huohuo, na kichanga kinamiminiwa maji ya kuogea kwa bakuli hilo mpaka arobaini itimie. Na nazi iwe imedondoka yenyewe. Ulikuwa ukisema mnazi ndio unaojua lini. Mimi niliogeshwa kwa bakuli la mkono wako, na Mwanaisha baada yangu.

Safari hii nazi nilinunua sokoni hapa Temeke, kwa kuwa Mwanaisha alisema umekataa kutuma. Mama tunayenunua kwake aliniona nazigonga mojamoja, nazizungusha, natafuta iliyo duara.

"Kaka, unapika au unachumbia?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi shida yangu kifuu.

"Vifuu nakupa bure. Pita jioni, nikishamaliza kuwakunia wateja."

Nikamweleza kwamba nataka cha kukata mwenyewe, cha kumwogeshea mtoto. Hapo aliacha utani, akanichagulia nazi tatu.

Ya kwanza niliigonga kwa mgongo wa panga kama tunavyopasua ya kupika, ikaachana mshazari. Ya pili niliizungushia mstari kwa penseli, juu kidogo ya katikati, kuelekea upande wa macho, ili bakuli liwe na kina. Nikaikata polepole kwa msumeno mwembamba, nikatoa nyama kwa kisu, nikakwangua nyuzi kwa kigae cha chupa, nikapiga msasa mpaka kifuu kikawa cheusi chenye kung'aa. Nilifurahi sana. Halafu nikafanya ujinga ambao fundi wa Keko ndiye wa kuufanya. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo, nikalipiga bakuli vanishi, tena mara mbili, ndani na nje. Fundi Maneno, mkubwa wetu pale karakana, alipita akalinusa.

"Hili la nini, dogo?"

"La kuogeshea mtoto."

"Mtoto au stuli?"

Walinicheka mpaka tunafunga kazi. Nikalichemshia maji ili harufu itoke. Harufu ikabaki, na maji ya moto yakakitia kifuu ufa toka ukingoni hadi kitakoni. Wenzangu walidhani nimenuna kwa sababu ya utani wao. Kumbe nilikuwa najiuliza ni ishara gani hii.

La tatu limetoka. Nililikausha kivulini, nikalipaka mafuta ya nazi, nikalijaza maji asubuhi, na mchana nikakuta hayajapungua. Liko dirishani, nimelifunika kitambaa. Zuhura alilishika, akalizungusha kwenye mwanga.

"Zuri," akasema. Kisha akalirudisha mahali pake. "Lakini mnazi wake hatuujui."

Nikamwambia ndiyo tuliyopata. Akaweka mkono tumboni.

"Mwandikie Baba. Mwambie ukweli wote. Mie sitaki mtoto huyu aje juu ya uongo."

Basi, Baba, nimelifikia.

Ile nazi uliyotutumia mwaka juzi, ya mtoto wetu wa kwanza, sikuichonga. Tuliipika. Kazi zilikuwa nyingi, nikawa najiambia nitachonga wiki ijayo, na wiki ijayo nayo ikawa na yake. Siku moja tulikuwa na maharage jikoni, muuza nazi wa mtaani hakuja, na nazi yako iko pale juu ya kabati inanitazama. Nikakaa kwenye mbuzi nikaikuna mwenyewe. Zuhura alikuwa kliniki. Aliporudi alikuta tui limeshachujwa. Vifuu tuliwashia jiko la mkaa. Nikaenda kununua bakuli la plastiki, la buluu, nikasema haya mengine ni mambo ya kale. Uliponiuliza kwenye simu kama bakuli limetoka, nikakujibu limetoka zuri, halina hata ufa. Nilidanganya bila kukwama.

Mtoto aliishi siku tisa. Nesi alituambia amezaliwa kabla ya wakati, mapafu hayajakomaa, na mimi namwamini. Sisemi kuwa ni bakuli. Lakini ukiogopa unaogopa tu, hata uelezwe vipi, na mimi tangu mimba hii iingie sijala chakula nikakisikia ladha yake.

Nilidhani mwenye kubeba jambo hili ni mimi peke yangu. Mwezi uliopita Mwanaisha alipokuja kututembelea ndipo aliponiambia lako. Kwamba nazi ile hukuingoja idondoke. Uliona siku zinakwenda, mnazi haudondoshi, ukampandisha mkwezi akaiangua. Kwamba tangu tumzike mtoto unasema kosa ni lako, uliharakisha. Kwamba huendi tena chini ya mnazi wangu, nazi zinaanguka na kuota palepale majanini, hakuna anayeziokota. Na ulipopata habari ya mimba hii ulimjibu, "Watafute hukohuko. Mkono wangu mie una mkosi."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini nikatoka nje, nikasimama ukutani kama mtu anayengoja fundi. Miaka miwili umebeba mzigo usio wako, na mimi niliyekutwika nilikuwa nakupigia simu nakuuliza habari za goti. Nimeona haya, Baba, haya isiyo na pa kujificha. Nazi yako haikuwa na kosa. Wala haikufika kwenye msumeno. Ilikuwa na nyama nene na tui zito, tuliila, tukaisifu, na hilo nalo siwezi kukuficha tena.

Nisamehe. Kama leo huwezi, utakapoweza. Ila usijihukumu tena kwa jambo nililolifanya mimi. Hilo nakuomba kabla ya msamaha.

Nisalimie Shangazi Mwanajuma, aliyetulea Mama alipotutoka, mwambie Zuhura anakula vizuri na yule papa mkavu aliyetutumia amekwisha. Mwanaisha mdogo wangu asikasirike kwa kuwa nimeitoa siri yake, alinionya nisiseme nami nimesema. Mjomba Bakari mwadhini naomba atutie kwenye dua zake Ijumaa hii, asitaje jina, Mungu anatujua. Na Saidi mkwezi msalimie kuliko wote, kwa sababu nina haja naye.

Nesi anasema wiki mbili, labda zisifike. Nazi zilizoanguka zimeshaota, hazifai. Nyingine hatujui itaanguka lini, na mtoto hatangoja mnazi uamue. Kukata sasa naweza, vanishi nimeificha mbali. Mwite Saidi apande mnazi wangu, aangue moja iliyokomaa, Kassimu aje nayo Jumapili. Lile bakuli la nazi ya sokoni tutalinywea maji.

Ila kabla hujampa Kassimu, Baba, ishike kwanza kwa mkono wako.

Mwanao,
Shomari