Ulitoka Toronto, Mimi Nikashindwa Kutoka Zuzu

Zuzu,
Dodoma.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Paulina,

Marahaba. Najua ungeniamkia kwanza, nami naitikia huku nimeinamisha macho. U hali gani? Miguu iliyovimba kwa kukaa kwenye ndege imepungua uvimbe? Shemeji Brighton na mwanenu Hilda hawajambo? Sisi huku tu wazima. Upepo wa vumbi haujatulia, lakini tunamshukuru Mungu.

Paulina, nina aibu. Barua hii nimeianza na kuiacha mara nyingi, maana kila nikiandika jina lako uso unaniwaka.

Uliponipigia simu kutoka kwa shangazi Dorkasi, pale Majengo mjini, ukasema una siku nne tu, nilicheka. Nilidhani unanitania. Niliona mtu hawezi kukaa hewani kutwa kucha, halafu akalala kwetu siku nne kama aliyetoka Kondoa kwa basi. Kwa akili yangu, aliyetoka mbali hukaa sana. Nikamwambia binti yangu Anitha, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamwambia wewe, shangazi yake, utakuja kuchuma zabibu na sisi.

Zabibu zilikuwa zimeiva na lori la mnunuzi lilikuwa njiani. Ulipopiga tena nikakujibu, pumzika kwanza, usije huku, nitakufuata mwenyewe nikupeleke kwenye kaburi la mama. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Nawe kwa heshima yako ukamngoja kaka, kwa sababu nyumbani kwetu aliyekosa maziko hupelekwa kaburini na mkubwa wa familia. Laiti ungenidharau ukaenda mwenyewe!

Nilipofika Majengo na mbuzi wa kukukaribishia kwenye bajaji, nimevaa shati la kanisani, shangazi alikuwa anafua mashuka uliyolalia. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mwenzio ameshaondoka na ndege ya asubuhi. Hata udongo wa mama yake hakuugusa."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, mtu mzima, mbuzi akinitazama.

Jioni Anitha alinionyesha kwenye simu njia uliyopita: Toronto hadi Addis Ababa, Addis hadi Dar, Dar hadi hapa. Zaidi ya kilomita elfu kumi na tatu, na saa kama kumi na nane za kuwa hewani tu, mbali na kungoja viwanjani. Alisema likizo yako ilikuwa fupi, na sehemu kubwa imeliwa na njia. Nikamwuliza, na kutoka Zuzu hadi Majengo? Akazima simu. Nadhani alinihurumia.

Nimejaribu kujitetea kwa zabibu, nimeshindwa. Zile zingeweza kuchumwa na wengine. Kukushika mkono hadi kwa mama ilikuwa kazi yangu peke yangu.

Jana nilikwenda kaburini. Nilitaka kumwambia mama kwamba ulikuja. Sikuweza, maana angeniuliza uko wapi.

Sikuombi unisamehe upesi. Wala usinipigie simu kwa sasa. Sijui nitaanzia wapi nikisikia sauti yako. Niandikie tu ukipata nafasi, hata kama ni kunigombeza.

Msalimie shemeji, umbusu Hilda. Anitha anakuamkia. Shangazi Dorkasi anakusalimu sana kupitia kwa Anitha, maana mimi bado hasemi nami. Mungu akulinde angani na ardhini, akupe tena njia ya kuja nyumbani.

Kaka yako akupendaye, aliyekuwa karibu,

Mazengo