Visu vya Mkono wa Kulia

Sakai,
Jumatatu, 17 Novemba

Mpendwa Kaka Isao,

Chizuru amepoteza ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, milimita sita. Ilikuwa Jumapili tarehe 9, saa nne asubuhi, akikata figili kwa kisu ulichomchagulia wewe.

Sasa salamu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Theluji imeshaanza huko Sapporo? Sisi huku tu wazima, tukiondoa hizo milimita sita.

Mwezi wa tano nilipoomba zawadi ya harusi ya Chizuru, mpwa wetu, niachiwe mimi, sikuwa natafuta sifa. Nilisema visu vitatu: cha mboga, cha kupasulia samaki na cha minofu. Vyote vya mkono wa kushoto, vifuliwe upya, kwa kuwa hivyo havikai dukani vikingoja mtu. Kazi ya miezi mitano. Ukacheka kwenye simu. "Tomoe, wewe ni mnoaji tu. Zawadi huchaguliwa na mtu mwenye macho."

Nimenoa miaka thelathini na moja, Kaka, kwenye jiwe nililojinunulia baada ya wewe kumwambia Baba kuwa mwanamke hatamaliza wiki mbili karakanani. Macho ninayo.

Yako yaliona nini? Sanduku la mbao nyeupe, utepe, chuma kinachong'aa, na jina la Chizuru limechongwa ubavuni mwa kila kisu, ili duka lisivipokee tena. Visu vyenyewe ni vizuri, nimevikagua kimoja kimoja. Ni vizuri kwa mtu mwingine. Vimenolewa upande mmoja tu, wa kulia, na huyu mtoto anatumia kushoto tangu alipojua kushika kijiko. Akikata, kisu kinakimbilia kushoto. Anakivuta kirudi kulia, na kulia ndiko viliko vidole vilivyoshika figili. Mtaani kwetu hata muuza maua analijua hilo. Wewe umezaliwa mtaa huu wa wafua visu.

Nikasema labda amesahau, umri nao unakwenda. Halafu nikapiga simu dukani. Kumbe kabla ya kuchonga jina humuuliza kila mnunuzi mambo mawili: jina gani, na mkono gani. Kwenye karatasi yako wameandika "kulia". Maneno yako muuzaji hayakumbuki.

Mimi nakumbuka mengine. Mwaka mpya, Chizuru ana miaka sita, ukamfunga mkono wa kushoto kwa taulo mezani. "Mwacheni, atazoea." Kisha ukajiongezea supu. Mtoto alikula wali uliomwagika mapajani, na sisi wote tukanyamaza, mimi nikiwemo. Hilo ni langu, sikutwishi wewe.

Chizuru mwenyewe hana hasira, na hilo ndilo linaloniudhi. Kanishika mkono pale hospitali: "Mama mkubwa, mjomba alisahau tu, eti?" Tangu sanduku lifike ameweka sarafu ya yeni tano kwenye bahasha yenye anwani yako. Unajua kwa nini. Aliyepewa kisu hutoa sarafu, kihesabike kimenunuliwa, kisije kikakata undugu. Bahasha bado haina stempu. Anasema hataibandika mpaka ajue.

Mgahawa wake mdogo unafunguliwa tarehe 1 Desemba, viti tisa. Vile visu vya kushoto nilivyomtengenezea viko tayari, na sarafu yangu ameshanipa. Nimeitundika juu ya jiwe.

Msalimie wifi Kinuyo, mwambie samaki wa chumvi walifika na walikuwa watamu. Yeye anajua kuchagua. Mdogo wetu Fusae anakusalimu, lakini kwa sauti ya chini, maana ni mama wa mtoto. Wazee waliotutangulia wakulinde, na barafu isikuangushe mlangoni.

Nijibu jambo moja, bila maelezo marefu. Ulipoulizwa mkono gani, ulisahau au ulijua? Barua hii itakufikia kwa siku tatu. Nakupa tatu za kukasirika na tatu za jibu kunifikia: Jumatano tarehe 26, saa sita mchana. Kama ulisahau, bahasha inapata stempu. Kama ulijua, sanduku linarudi kwako, visu vikiwa na jina lake ubavuni, na sarafu inabaki Sakai. Ukinyamaza, nitahesabu kuwa ulijua.

Dada yako akupendaye, mpaka saa hiyo,
Tomoe